Datsun 240Z kwenye barabara za Tanga: tathmini ya shokomzoba, springi, rimu na tairi mpya

Gari ninaloliandikia tathmini hii ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Baba mkubwa alilinunua likiwa tayari limetumika, akaliendesha kwa miaka mingi kati ya Tanga mjini na shamba la mkonge lililoko upande wa Muheza, alikokuwa akisimamia mitambo, hadi macho yalipomkatalia usukani. Hapo akalifunika turubai na kunikabidhi ufunguo. Injini, ile L24 ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja yenye ujazo wa lita 2.4, ilikuwa nzima, kwa sababu mzee alikuwa mtu wa kubadilisha oili kabla ya siku yake. Kilichokuwa kimechoka ni kila kitu kilichopo kati ya bodi na barabara. Ukikandamiza boneti kwa mikono miwili na kuiachia, pua ya gari ilipanda na kushuka mara nne kabla ya kutulia, na ukipita kwenye rasta kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mkia ulihama upande kama punda aliyeguswa ubavuni. Tairi zake za 175R14 zilikuwa na nyufa zilizoonyesha nyuzi za ndani, na namba ya tarehe ya kutengenezwa ilikuwa na tarakimu tatu badala ya nne, maana yake zilitoka kiwandani kabla ya mwaka 2000.

Kwa muda wa miezi minane nimebadilisha shokomzoba zote nne, bushi (vipande laini vinavyokaa kwenye maungio ya vyuma), boljointi (maungio ya duara ya magurudumu ya mbele) na tairodi (fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu), nimejaribu springi fupi na kuzirudisha kwenye boksi, kisha nimefunga rimu za inchi 15 na tairi za 195/65R15. Tangu kazi ikamilike nimeendesha zaidi ya kilomita 6,000, nyingi kati ya Tanga, Segera na Korogwe, kiasi kwenye mlima wa kutoka Mombo kwenda Lushoto, na chache, kwa makusudi kabisa, kwenye njia ya vumbi inayopanda Amani. Asiye na muda wa kusoma yote achukue hili: fedha iliyonipa faida kubwa ni ile ambayo jicho haliioni, na ile inayowafanya vijana wa vituo vya mafuta watoe simu kupiga picha ndiyo iliyobadilisha mwendo wa gari kidogo kuliko zote.

Nianze na shokomzoba, ambazo mafundi wengi wa hapa huziita shokapu. Kwenye 240Z hazifungwi kwa bolti mbili, juu na chini, kama za nyuma ya pikapu. Kila gurudumu, la mbele na la nyuma, lina bomba la chuma lililoungana na habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu. Shokomzoba hukaa ndani ya bomba hilo, springi hulizunguka kwa nje, na juu kabisa kuna nati kubwa ya mviringo inayofunga mdomo wa bomba. Kwa hiyo unachonunua ni shokomzoba ya ndani peke yake, na ni lazima uwe na hakika ya modeli yako, kwa kuwa 280Z iliyokuja baadaye ina mabomba manene zaidi na vitu vyake havikai sawasawa kwenye 240Z, hata muuzaji akiapa kwamba Zeti zote ni ndugu.

Nilichagua KYB za gesi, aina ya Excel-G. Duka la kwanza nililokwenda liliniuzia boksi lenye jina hilohilo, na kwa kuwa nilikuwa na haraka sikufanya jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya akiwa amesimama kaunta: shokomzoba ya gesi ukiikandamiza hadi mwisho na kuiachia, fimbo yake hutoka yenyewe, polepole, bila kusitasita. Zile za kwangu zilipokandamizwa zilibaki ndani kama zimesinzia. Fedha hiyo sikuirudishiwa. Seti ya pili, ambayo shemeji yangu aliipata Dubai na kunitumia, ilipita jaribio hilo bila taabu, na ndiyo iliyo kwenye gari mpaka leo.

Kuzifunga ni kazi inayohitaji vifaa na heshima. Springi ikiwa bado imebanwa ina nguvu ya kuvunja mfupa, na ni lazima ishikwe kwa kibano chake kabla nati ya juu haijalegezwa. Gereji niliyoitumia inaendeshwa na mzee aliyezoea Datsun tangu ujana wake, na msaidizi wake, kijana mwepesi wa mikono na wa maneno, alitaka kutumia waya wa kufungia vyuma vya zege.

"Bosi, tukiuzungusha mara tatu haiendi popote," aliniambia.

Mzee hakuinua hata kichwa. "Springi kama hiyo ilimtoa mtu meno hapahapa unapochuchumaa. Nenda kaazime kibano."

Kibano kikaazimwa, na siku nzima ikapotea kukisubiri, na sijutii hata saa moja. Jambo jingine nililojifunza kwa kumtazama mzee huyo ni kwamba kabla ya kuingiza shokomzoba mpya alimimina oili kidogo ndani ya bomba tupu, kiasi cha kuizunguka shokomzoba bila kufurika. Oili hiyo hupeleka joto la shokomzoba kwenye ukuta wa bomba, nalo bomba likalipeperusha kwa upepo. Bila hiyo kuna nafasi ya hewa tu katikati, na hewa haipitishi joto vizuri. Gereji nyingi huiruka hatua hii, na mteja hawezi kujua kwa sababu kila kitu kimefunikwa.

Matokeo ya shokomzoba peke yake, kabla sijagusa kitu kingine, yalikuwa makubwa kiasi kwamba nilirudi nyumbani nikizunguka mitaa ya Raskazone bila sababu. Gari lilikuwa limeacha kuelea. Rasta zinasikika bado, tena kwa sauti kali zaidi kuliko zamani, lakini mkia unabaki nyuma ya pua. Kwa mwendo mdogo mjini KYB hizi ni ngumu kidogo; anayetaka gari la kumpeleka bibi hospitalini bila kumtikisa atalalamika. Kuanzia kilomita 60 kwa saa kwenda juu ugumu huo unageuka kuwa utulivu, na hapo ndipo gari la michezo linapostahili kupimwa.

Kazi iliyotutoa jasho kweli ilikuwa bushi za nyuma, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu yeyote mwenye 240Z atakutana na jambo hili siku moja. Mkono wa chini wa nyuma umeunganishwa na habu kwa pini moja ndefu, urefu wake karibu na kipande cha mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, inayopita ndani ya chuma cha habu kutoka upande mmoja hadi wa pili na kushikwa katikati kwa kipini kidogo cha mshazari. Baada ya miaka 50 ya maji, vumbi na chumvi ya pwani, pini na chuma hicho huwa kitu kimoja. Tuliiloweka kwa mafuta ya kulegeza kutu siku nne, tukaipasha moto, tukaigonga. Kitu pekee kilichobadilika ni ncha zake, ambazo zilivimba kama kichwa cha uyoga na kuzidi kukataa kupita. Hili la kugonga lilikuwa kosa letu, na halitengenezeki: ncha ikishavimba huna njia ila kuikata.

Pini ya kulia hatimaye ilitoka kwenye mashine ya haidroliki ya karakana moja ya vyuma, kwa mlio ulioifanya karakana nzima isimame kazi. Ya kushoto ilikatwa kwa msumeno pande zote mbili na kipande cha katikati kikatobolewa kwa keekee, nyuzi kwa nyuzi, siku moja na nusu. Pini mpya mbili ziliagizwa, zikapakwa grisi ya kuzuia kutu kabla ya kuingia, na mzee akasema anayefuata atatushukuru. Ushauri wangu kwa mwenye gari la aina hii ni kwamba aagize pini mpya kabla hajalipeleka gari gereji, na amwambie fundi mapema kwamba nyundo ibaki kwenye sanduku.

Kuhusu bushi zenyewe, soko lina mpira wa kawaida na lina poliurethani, ile plastiki ngumu ya rangi nyekundu au nyeusi inayosifiwa na kila muuzaji wa vipuri vya magari ya mashindano. Nilinunua seti nzima ya poliurethani na nimeitumia nusu tu. Kwenye mikono ya nyuma imefanya kazi nzuri, gari linafuata usukani bila kuchelewa, ingawa vumbi la Amani likishaingia bushi hupiga kelele kama kitanda cha kamba mpaka zipakwe grisi upya. Mbele kuna fimbo inayotoka kwenye mkono wa chini na kushikwa kwenye fremu kwa bushi mbili, moja mbele na moja nyuma ya chuma, ili gurudumu lisirudi nyuma unapofunga breki. Fimbo hiyo inahitaji kucheza kidogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Ukiibana kwa poliurethani pande zote mbili haina pa kuchezea, na wenye 240Z wengi wamekuta fimbo imevunjika penye nyuzi. Nimeweka mpira huko na sitaubadilisha. Fimbo ikikatika kwenye mteremko wa Soni, breki zikiwa zimekanyagwa, hutakuwa na muda wa kujuta.

Jambo dogo lenye uzito mkubwa: bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake chini. Fundi akikaza bolti huku gari likining'inia kwenye jeki, mpira hushikwa ukiwa umejipinda, na gari likishushwa mpira huo hubaki umenyongwa maisha yake yote, ambayo hayatakuwa marefu. Nilisimama pale nikahakikisha. Nilionekana msumbufu, na sikujali.

Sasa springi. Hapa nakiri kwamba nilitawaliwa na picha. Karibu kila 240Z inayopigwa picha Japani au Marekani imelazwa chini hadi tairi inakaribia kumezwa na madigadi, na nikaagiza seti ya springi fupi na ngumu kutoka kwa muuzaji wa nje. Zilipofungwa gari lilishuka sentimita 3 mbele na 3.5 nyuma, na kwa siku mbili lilikuwa zuri kiasi kwamba nilikuwa nikichungulia dirishani usiku kulitazama.

Siku ya tatu nilikwenda Korogwe. Tuta la kwanza lilikwangua bomba la ekzosi, la pili likakwangua tena, na kwenye la tatu nilijaribu kupita mshazari, gurudumu moja kwanza, kama wanavyofanya wenye magari ya chini, nikapigiwa honi na lori la nyuma yangu na kutukanwa na utingo wake kwa lugha safi ya kwao. Kukwangua ningekuvumilia. Kilichonishinda ni tabia ya usukani. Gari hili limechorwa ili mkono wa chini na tairodi vilale karibu sambamba vinapokuwa kwenye kimo cha kiwandani, na gurudumu likipanda, vyote viwili huchora tao linalofanana. Ukilishusha gari bila kurekebisha pembe hizo, matao hayo yanaachana, na kila shimo linaligeuza gurudumu kushoto au kulia bila wewe kuugusa usukani. Vipo vipande vya chuma vya kuweka chini ya bomba ili kurudisha pembe, nami ningeweza kuviagiza, lakini bado ningebaki na shokomzoba isiyo na nafasi ya kushuka kabla ya kugonga mpira wake wa mwisho, na bado ningebaki na magurudumu ya nyuma yaliyolala kwa ndani, yanayokula tairi upande mmoja, kwa kuwa nyuma ya 240Z hakuna mahali pa kurekebisha mlalo huo.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtu wa ukanda huu mwenye gari hili anapaswa kulianzia. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na ikashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Tazama picha za magari yale: yamesimama juu, tairi zina ukuta mrefu, na kati ya tairi na madigadi unaweza kupitisha mkono. Watu wale hawakuwa washamba wa mitindo. Walijua kwamba kwenye matope na makorongo gurudumu linahitaji nafasi ya kupanda na kushuka, na kwamba gari lisilo na nafasi hiyo linaruka, na likiwa hewani halina breki wala usukani.

Springi za kiwandani zilikuwa bado kwenye kona ya gereji. Tulizipiga brashi ya waya, tukapima urefu wake zikiwa huru, tukakuta za kulia na kushoto hazipishani hata milimita 5, tukazipaka rangi na kuzirudisha. Springi za chuma kizuri hazichakai kama watu wanavyodhani. Kinachochakaa ni shokomzoba, na lawama huangukia springi. Gari likarudi kwenye kimo chake, matuta yakawa matuta ya kawaida, na seti fupi ipo stoo ikimsubiri mnunuzi mwenye barabara nzuri kuliko zangu.

Rimu za asili ni za chuma, inchi 14 kwa upana wa inchi 4.5, wembamba ambao siku hizi huwachekesha watu. Mpya ni za aloi, inchi 15 kwa 7, ofseti sifuri (yaani uso unaofungwa kwenye habu uko katikati kabisa ya upana wa rimu), mikono minane, nakala za zile za Watanabe za Japani ambazo bei yake halisi iko nje ya mfuko wangu. Bolti ni nne kwenye duara la milimita 114.3, na hili liangaliwe, maana rimu nyingi za bolti nne zilizojaa madukani ni za duara la milimita 100 na haziingii. Corolla za zamani kama AE86 zina duara sawa na la Datsun, hivyo anayetafuta rimu zilizotumika ana pa kuanzia.

Kwa sura sina lalamiko. Gari limepata mabega. Kwa mwendo, faida ni ndogo na ina gharama. Nilipima gurudumu zima la zamani na jipya kwenye mizani ya kupimia mkaa, kila moja likiwa na tairi yake, na jipya lilizidi kwa karibu kilo moja na nusu. Anayedhani aloi ni nyepesi siku zote apime kwanza. Pili, kwa kuwa ofseti sifuri husukuma gurudumu nje, usukani umekuwa mzito wakati wa kuegesha, kwa sababu gari hili halina msaada wa haidroliki, na kingo za lami zilizomeguka sasa zinavuta mikono yako kuliko zamani. Si hatari, ila huwezi kuendesha kwa vidole viwili huku ukimenya chungwa. Kama ningenunua tena ningechukua upana wa inchi 6. Kwa tairi ya 195/65 upana wa inchi 7 ndio ukingo wa juu unaoruhusiwa, na sikupata kwa inchi hiyo ya ziada kitu chochote ila picha.

Kisa cha nati kinahitaji aya yake. Nati za Toyota zina kipenyo cha milimita 12 na hatua ya nyuzi ya 1.5, za Datsun na Nissan ni milimita 12 kwa 1.25. Ukiziweka kiganjani ni pacha. Nilipopeleka rimu kufungwa tairi, kijana wa kituo hicho, ambacho sitakitaja, alichanganya nati zangu mbili na za Toyota iliyokuwa pembeni, na nati ilipogoma kuingia hakujiuliza. Alichukua mashine ya upepo. Mashine ya upepo haijui hapana. Nati ziliingia, na nyuzi za bolti mbili za habu zikatoka zimesokotana kama pamba. Nililipia bolti mpya kutoka mfukoni kwangu baada ya mabishano ya nusu saa. Tangu siku hiyo magurudumu ya gari hili yanaanzishwa kwa vidole, mizunguko minne au mitano bila spana, na hukazwa kwa spana ya kupimia mkazo ninayokwenda nayo mwenyewe.

Tairi nilizichagua kwa hesabu ya barabarani kuliko ya mashindano. Ukubwa wa 195/65R15 hutumiwa na magari mengi ya familia yaliyojaa nchini, kwa hiyo ikipasuka Hedaru usiku ipo nafasi ya kupata mwenzake asubuhi. Kipenyo chake ni kama milimita 634, tofauti isiyofika asilimia 2 na tairi ya asili, na spidomita haidanganyi kwa kiasi cha kuniletea matatizo na askari wa usalama barabarani. Namba 91 ya uzito inamaanisha kila tairi inabeba kilo 615, na gari hili halizidi sana tani moja. Herufi H, yaani kilomita 210 kwa saa, inatosha, kwa sababu hata likiwa jipya lilikuwa likiishia karibu na 200. Zilizopo sasa ni Yokohama za kawaida za magari ya familia, tarakimu nne za tarehe zikiwa za mwaka huohuo nilionunua. Nilikagua kila moja, maana tairi inayokaa dukani miaka mitano bado huitwa mpya.

Jaribio lao la kweli lilikuja wakati wa vuli, nikipanda kutoka Mombo mvua ikiwa imeanza na barabara ikiwa bado na mafuta ya malori juu yake, hali mbaya kuliko mvua ya saa nzima. Zamani kwenye kona za namna hiyo nyuma ya gari ilikuwa inatangulia kufikiri. Safari hii nilisikia tairi zinaanza kulegea karibu na kona ya pili baada ya Soni, taratibu, kwa onyo la kutosha, nikapunguza mafuta kidogo na gari likarudi kwenye mstari kama vile tumeelewana. Tairi pana na fupi za mashindano zingeshika zaidi kwenye lami kavu na kuachia ghafla kwenye lami ya namna ile, na mimi si Shekhar Mehta. Upepo naweka psi 28 mbele na nyuma. Vijana wa vituo vya mafuta wana maradhi ya kujaza 35 kila gari. Kwa gari jepesi hivi 35 inaligeuza kuwa mpira wa kitenesi.

Alaimenti nilifanyiwa mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa na kituo chenye kompyuta kwamba wamerekebisha pembe zote za mbele, nikapewa karatasi yenye rangi ya kijani kila mahali. Kwenye 240Z ya kiwandani mbele unaweza kurekebisha jambo moja tu, nalo ni magurudumu kuelekea ndani au nje, kwa kuzungusha tairodi. Mlalo wa tairi na pembe ya egemeo, yaani mwinamo wa mbele-nyuma wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, havina bolti ya kurekebishia. Ama kompyuta ile ina miujiza, ama mtu alibonyeza kitufe. Mzee wa gereji alilifanya upya kwa uzi uliovutwa kati ya stendi nne na rula ya chuma, akatumia muda wa glasi mbili za chai, na kilomita 6,000 baadaye tairi zinaliwa sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo.

Kwa mgawanyo wa fedha, rimu zilichukua karibu nusu ya bajeti, tairi zikafuata, halafu shokomzoba, na bushi za mpira, boljointi na tairodi kwa pamoja hazikufika bei ya rimu moja. Gereji ya mzee naipendekeza kwa mwenye subira: kazi ni safi, anaeleza anachofanya, hapendi kuharakishwa, na ukimwambia Ijumaa ujue ni Jumatano ya wiki inayofuata. Mwenye fedha ya kitu kimoja tu aanze na shokomzoba na mpira. Mwenye fedha ya viwili aongeze tairi, hata kwenye rimu za chuma zilezile za inchi 14, mradi azipate mpya.

Limebaki suala la tairi ya akiba. Shimo lake chini ya sakafu ya nyuma lilichorwa kwa gurudumu jembamba, na hili pana likiingizwa mfuniko haulali. Nimeiacha rimu ya chuma ya baba mkubwa humo, ikiwa na tairi mpya ya 175, inatosha kunifikisha penye mtu wa pancha. Ila rimu ya chuma inashikwa na nati zenye ncha ya koni, na aloi zangu zinashikwa na nati zenye shingo ndefu iliyonyooka, na nati za shingo haziibani rimu ya chuma hata ukizikaza kwa miguu miwili. Jambo hilo nililigundua nikiwa nje kidogo ya Muheza, saa moja usiku, jeki ikiwa tayari juu. Nati nne za koni za asili, za 12 kwa 1.25, sasa zinakaa ndani ya soksi kuukuu pamoja na spana yake, pembeni mwa jeki.